Maji Mengi, Dumu Tupu: Mito ya Ngara na Mikataba Yake

Anayeitazama ramani ya Ngara harakaharaka atadhani wilaya hii haijui shida ya maji. Mto Ruvubu unaingia kutoka Burundi, unakutana na Kagera jirani na maporomoko ya Rusumo, kisha Kagera unashika njia hadi Ziwa Victoria, ambako hakuna mto mwingine unaomwaga maji mengi kuliko huo. Maji baridi ni takriban asilimia 2.5 tu ya maji yote duniani, na zaidi ya theluthi mbili ya hayo yameganda kuwa barafu. Kwa kipimo hicho, watu wa kata kama Bukiriro wamejaliwa. Lakini historia ya bonde hili inaonyesha kuwa wingi wa maji haujawahi kuamua nani atayapata. Walioamua ni wenye mikataba, mashine na fedha.

Mwaka 1929 Uingereza na Misri zilikubaliana kwamba katika nchi zilizokuwa chini ya Uingereza, Tanganyika ikiwemo, pasijengwe chochote cha kupunguza maji ya Nile, mto unaotoka Ziwa Victoria, bila ridhaa ya Misri. Mwaka 1934 Uingereza na Ubelgiji zikaandikiana mkataba wa mito ya mpaka wa Tanganyika na Ruanda-Urundi (Rwanda na Burundi za leo): atakayechepusha maji ayarudishe mtoni kabla hayajafika kwa jirani. Wenyeji waliruhusiwa kuvua, kupita kwa mitumbwi na kuteka maji ya nyumbani. Ukarimu wa ajabu, kumruhusu mtu achote maji ambayo babu zake walikuwa wakiyachota bila kuomba! Julai 1962 serikali ya Tanganyika ikatangaza kwamba haifungwi na makubaliano ya 1929. Ilikuwa hatua ya haki, ila tamko halipandishi maji mlimani.

Hapa ndipo atakapotokea wa kusema kwamba kosa ni la milima yenyewe: watu wanaishi juu, mto uko chini kabisa, na anayekwenda kuteka hushuka na dumu tupu na kupanda na kilo 20 kichwani. Ni kweli, mlima haubishi. Ila mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi, wakawekwa kambini Benaco, hapahapa Ngara, penye bwawa. Mashirika ya misaada, Oxfam likiwemo, yakaleta pampu, matangi na dawa ya kusafishia maji. Milima ilikuwa ileile. Atasema tena kuwa ile ilikuwa dharura, iliyolipiwa na fedha za dunia nzima. Sawa, lakini basi tunakubaliana kwamba kikwazo ni fedha.

Na fedha za wakati wa amani zimepatikana pia. Bwawa la umeme la Rusumo, lililoanza kujengwa mwaka 2017 kwa mkopo na ruzuku za Benki ya Dunia, linazalisha megawati 80 ambazo Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana sawasawa. Sikatai faida yake, kwani bila umeme pampu ni chuma tu. Ninachouliza ni kwa nini umeme umekuwa na mgawo ulioandikwa kwa tarakimu, ilhali mikataba, kuanzia wa 1929 hadi ule wa ushirikiano wa Bonde la Nile ulioanza kutumika Oktoba 2024, haimwandikii mkazi wa kilimani hata ndoo moja kwa siku.