Baiskeli Moja, Familia Nzima

Wasee, jana usiku nimerudia Ladri di biciclette, filamu ya Vittorio De Sica ya 1948. Ni ya kitambo, haina rangi, na bado imeniliza.

Ni Roma, miaka michache tu baada ya vita, na kazi hakuna. Antonio anapata kazi ya kubandika mabango, lakini sharti awe na baiskeli, na yake iko rehani. Mkewe Maria anatoa mashuka ya kitandani yawekwe rehani ndio baiskeli ikombolewe. Siku ya kwanza kazini, mwizi anatoroka nayo!

Antonio na kijana wake Bruno wanaitafuta mji mzima. Mwishowe baba mwenyewe anajaribu kuiba baiskeli, anashikwa, anazabwa kofi, mtoto akiona yote. Mwenye baiskeli anamtazama Bruno, anaamua kusamehe. Bruno haulizi kitu. Anamshika tu babake mkono.

Mtayarishaji Mmarekani David O. Selznick alitaka Cary Grant aigize huyo baba. De Sica akakataa, akamchukua Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwanda ambaye hakuwa mwigizaji. Filamu ikapewa Oscar ya heshima. Maggiorani naye akarudi kiwandani, na baadaye akaachishwa kazi.

Yaani yule Antonio wa ukweli pia aliishia bila kazi. Mimi siwezi kuutazama ule uso wake nikaona maigizo.

Itazame na mzee wako, kama bado unaye.