Michezo ya ubao inayosifu shamba na kumsahau kibarua

Makala ya leo yanahusu michezo. Msomaji asidhani nimeishiwa na hoja. Mchezo ni lugha: una msamiati, una kanuni na una mambo ambayo hauruhusu yasemwe. Hoja yangu ni kuwa michezo ya ubao yenye maudhui ya ukoloni inapendwa kwa kuwa inatupa hesabu za ukoloni na kutuficha watu wake. Sisi wa Mugutha, Ruiru na Thika, ambao ardhi yetu ndiyo iliyokuwa ubao wenyewe, tunafaa kuifahamu lugha hiyo kuliko wengine.

Tuanze na mifano. Mwaka wa 1995, Mjerumani Klaus Teuber alitoa mchezo wa Catan, ambao kwa miaka mingi jina lake lilitaja walowezi. Wachezaji wanafika kisiwani, wanajenga barabara, vijiji na miji. Kisiwa chenyewe hakina wenyeji. Mwaka wa 2002 ukaja mchezo wa Puerto Rico wa Andreas Seyfarth. Humo mchezaji analima mahindi, nili, miwa, tumbaku na kahawa, na kahawa ndiyo yenye bei ya juu zaidi. Wanaoletwa kwa meli kuyafanyia kazi mashamba hayo ni vidude vya mviringo vya rangi ya kahawia. Kitabu cha kanuni kinaviita walowezi. Hebu fikiria! Tangu lini mlowezi akavuka bahari ili alime shamba la mwingine bila malipo?

Mfano wa tatu unatugusa moja kwa moja. Mwaka wa 2015, Alexander Pfister alitoa mchezo uitwao Mombasa. Ubao wake ni ramani ya Afrika. Kampuni nne zenye makao Mombasa, Cape Town, Cairo na Saint-Louis zinatandaza vituo vya biashara barani, nao wachezaji wananunua hisa. Mwenye pesa nyingi mwishoni ndiye mshindi. Mwaka wa 2016 ulishinda tuzo ya Ujerumani ya Deutscher Spiele Preis.

Kwa nini michezo hii inapendwa? Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mosi, inamtegemea anayefikiri zaidi ya anayebahatisha. Pili, kwa saa mbili hivi unaona mpango wako ukizaa matunda, jambo ambalo maisha hayatupi kirahisi. Tatu, inakupa jicho la kutazama nchi nzima kutoka juu, kila kitu kimepangwa, hakuna anayekujibu. Raha hiyo ni ya kweli, na anayeifurahia si lazima awe mtu mbaya. Lakini hilo jicho la tatu ndilo lililokuwa jicho la mkoloni.

Sasa tulinganishe na historia. Kampuni ya Imperial British East Africa ilipewa hati ya kifalme mwaka wa 1888, makao yake yakawa Mombasa. Katika mchezo kampuni hunenepa. Ile ya kweli ilifilisika. Mwaka wa 1895 serikali ya Uingereza ilinunua haki zake kwa pauni 250,000, na sehemu kubwa ya pesa hizo ilitoka katika hazina ya Zanzibar. Yaani Mwafrika alilipia hata hasara ya aliyekuja kumtawala. Kanuni hiyo hutaipata katika mchezo wowote!

Kisha ikaja zamu ya ardhi. Sheria ya ardhi ya mwaka wa 1902 iliwapa masetla mashamba kwa miaka 99. Ile ya 1915 ikafanya miaka 999. Reli ilifika Thika mwaka wa 1913, na kahawa na katani zikatanda kote huku kwetu. Mwafrika aliilima kahawa hiyo lakini hakuruhusiwa kuimiliki. Ni katika miaka ya 1930 ambapo wachache wa Kisii, Embu na Meru waliruhusiwa kuipanda. Kiambu ilisubiri hadi miaka ya 1950.

Lugha yetu ilikuwa inaandika haya yote. Chukua neno 'kibarua'. Asili yake ni barua ndogo, ile karatasi aliyopewa mfanyakazi wa kutwa. Baadaye jina la karatasi likawa jina la mtu. Chukua 'kipande', sehemu ndogo ya kitu. Kuanzia miaka ya 1919 na 1920, mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande, mara nyingi kikining'inia shingoni katika kikebe cha bati. Mtu aligeuzwa kete, kete ikasukumwa. Mwaka wa 1922, Harry Thuku alikamatwa kwa kupinga kipande, kodi na kulazimishwa kwa wanawake na wasichana kufanya kazi mashambani. Huyo alikuwa kete iliyokataa kusukumwa.

Je, michezo hii ipigwe marufuku? La. Mwaka wa 2019 kampuni ya GMT Games ya Marekani iliuondoa mchezo wake kuhusu kugawanywa kwa Afrika kabla haujatoka, baada ya malalamiko. Mwaka wa 2022 mchezo wa Mombasa ulirudi kwa jina la Skymines, safari hii wakichimba madini mwezini. Utamu ulibaki pale pale. Basi Afrika ilikuwa pambo tu, na kuiondoa si sawa na kuisimulia vyema. Mchezo wa Spirit Island wa mwaka wa 2017 ulifanya zaidi: wachezaji wanakuwa mizimu ya kisiwa, wakishirikiana na wenyeji kuwafukuza wavamizi.

Nasi tunayo mifano. Katika bao la Kiswahili kuna mashimo 32 na kete 64. Wachezaji wanaketi wakitazamana. Hakuna ardhi isiyo na mwenyewe. Kete ukila, hutupwi nje: unaipanda upande wako, na mwenzako anaweza kuila tena. Hata neno 'mtaji', ambalo leo ni pesa za kuanzishia biashara, katika bao ni nafasi ya kula kete za mpinzani. Bao halikudanganyi kuhusu mali inakotoka.

Leo mashamba ya kahawa ya Ruiru yanakatwa ploti, na watoto wanaokulia katika nyumba hizo mpya hawajui nani alilima pale. Walimu wa historia wa huku wawape wanafunzi kadibodi, vizibo vya soda na ramani ya Ruiru ya miaka ya 1920. Waweke reli, kahawa, kodi na kipande. Kisha waulize swali ambalo Catan na Mombasa hayakuuliza: kibarua anashinda vipi?