Protoni husimama wapi? Swali la 1904 lililofika hospitalini

Mwaka 1904, katika Chuo Kikuu cha Adelaide, Australia, Profesa William Henry Bragg na msaidizi wake Richard Kleeman walipima chembe za alfa zitokazo kwenye radiamu zinavyosafiri hewani. Matokeo yalishangaza. Mionzi hiyo haikufifia kidogo kidogo. Ilikwenda sentimita chache, ikakoma ghafla, na ilipokaribia kusimama ndipo iling'oa elektroni nyingi zaidi kutoka kwenye atomu za hewa.

Chembe ya alfa ina uzito wa elektroni 7,300 hivi, kwa hiyo elektroni haziwezi kuipotosha njia. Hupita karibu moja kwa moja, ikiachia nishati kidogo kwa kila elektroni inayoivuta. Inapokuwa na kasi kubwa, muda wa kuvutana ni mfupi mno. Kasi ikipungua, muda hurefuka na hasara huongezeka. Ni sawa na mtu anayekatiza sokoni: akienda mbio hadakwi na muuzaji yeyote, akizubaa anatoka mfuko mtupu.

Niels Bohr wa Denmark alilivalia njuga suala hilo akiwa Manchester kwa Ernest Rutherford mwaka 1912. Makala yake ilichapishwa 1913, mwaka uleule alipotangaza muundo wake wa atomu. Mwaka 1930 Mjerumani Hans Bethe akapiga hesabu upya kwa fizikia ya kwantumu. Kanuni yake, pamoja na marekebisho yaliyofuata, inatumika hadi leo.

Madaktari hawakuwa na habari nayo. Aliyewafikishia ni Robert Wilson, mwanafizikia wa Marekani aliyekuwa ametoka kwenye mradi wa bomu la atomu huko Los Alamos. Mwaka 1946 aliandika kwamba protoni, ambazo hupungua kasi kwa namna ileile kama chembe za alfa, zinaweza kupenya nyama isiyo na ugonjwa, kumwaga sehemu kubwa ya nishati ndani ya uvimbe, kisha zikasimama papo hapo. Eksirei hazina breki hiyo. Hutokea upande wa pili wa mwili. Protoni yenye nishati ya elektronivolti milioni 150 husimama baada ya sentimita 16 hivi za maji, na mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji.

Wagonjwa wa kwanza walitibiwa Berkeley, California, mwaka 1954, na Uppsala, Sweden, ikafuata 1957. Hata hivyo mashine zilikuwa mali ya maabara za fizikia, na kabla ya skana za CT za miaka ya 1970 ilikuwa vigumu kujua uvimbe umekaa kina gani hasa. Hospitali ya kwanza kujengewa mashine yake ya protoni, Loma Linda huko California, ilianza tiba mwaka 1990.

Mionzi inayosimama ina faida iwapo tu inasimama mahali sahihi. Mfupa, mafuta na hewa ya mapafu hupunguza kasi ya protoni kwa viwango tofauti, na skana haivipimi bila kasoro. Ndiyo maana wapangaji wa tiba bado huongeza milimita kadhaa za tahadhari kuzunguka uvimbe.