Leja ya Babu, 1995

Babu yangu mzaa mama alipiga kura ya urais mara mbili mwaka 1995, na hakuvunja sheria. Alikuwa akiishi Temeke. Siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba, karatasi za kura na vifaa vingine vilichelewa kufika katika vituo vingi vya Dar es Salaam. Tume ikafuta uchaguzi katika majimbo yote 7 ya jiji, ukarudiwa tarehe 19 Novemba. Babu akapata siku 21 za kufikiri upya. Najua alivyozitumia kwa sababu aliacha daftari.

Ni kaunta buku la jalada gumu, kona zimeliwa na mende. Mama alilitoa kwenye sanduku aliposikia kwamba tasnifu yangu ya uzamili inahusu uchaguzi ule. Babu alikuwa karani wa stoo bandarini mpaka alipostaafu, na daftari lile ni leja kamili. Kila mgombea amepewa ukurasa wake, na kila ukurasa umepigwa mstari katikati. Kushoto ameandika “Kipo”, kulia “Hakipo”. Ndivyo alivyopokea mizigo maisha yake yote: hati inasema mifuko 100, wewe unafungua na kuhesabu kilichopo na kisichokuwapo.

Inafaa kukumbuka kwamba kazi hiyo ilikuwa ngeni kwake. Mara ya mwisho wagombea urais kushindana ilikuwa 1962 Tanganyika, Nyerere na Zuberi Mtemvu. Tangu 1965 hadi 1990 mpiga kura alipewa jina moja, akatakiwa kusema ndiyo au hapana. Babu alikuwa amemkubali au kumkataa mtu mara sita. Hakuwa amewahi kumlinganisha mtu na mtu. Ghafla, akiwa mzee mwenye mvi, amewekewa mezani majina manne.

Ukurasa wa John Cheyo wa UDP ni mfupi. “Kipo” inasema: mfanyabiashara, anajua hela inavyotafutwa. “Hakipo” inasema: anaahidi mapesa, hasemi yatatoka wapi. Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF amepata mistari mingi zaidi: msomi wa uchumi, amewahi kumshauri Rais Mwinyi, hesabu anazijua. Ng'ambo ya mstari: “Anaongea na darasa. Sisi wa nyuma hatusikii.”

Ukurasa wa Augustino Mrema wa NCCR-Mageuzi umejaa mpaka pambizoni. Kwa kijana wa leo ni vigumu kuelewa Mrema alikuwa nani mwaka ule. Alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani alitoa amri za siku saba, na watu wakaona mambo yanatendeka. Akapewa na unaibu waziri mkuu. Mwanzoni mwa 1995 akatoka serikalini, akahamia upinzani, na katika mikutano yake vijana walisukuma gari lake kwa mikono. Mama yangu, wakati huo ana miaka 20, alikuwa mmoja wa waliosukuma. Alirudi nyumbani kiatu kimoja kimepotea, babu akamuuliza kama mgombea ameahidi na viatu.

Lakini babu hakumdharau Mrema. Kwenye “Kipo” ameandika: “Anatenda. Haogopi wakubwa.” Kwenye “Hakipo” ameandika: “Anatenda kabla ya kuuliza sheria.” Kisha amechora mshale kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nimeutazama mshale huo mara nyingi. Kwangu unasema kwamba sifa na kasoro yake vilikuwa kitu kimoja, na aliyetaka kukinunua alipaswa kukichukua pamoja na upande wake wa pili.

Ukurasa wa Benjamin Mkapa ndio ulionisumbua. Mkapa alikuwa na hati nzuri: mhariri wa magazeti, msaidizi wa habari wa Nyerere, Waziri wa Mambo ya Nje, balozi. Hata hivyo mtaani Temeke hakujulikana sana. Dodoma, Julai ya mwaka ule, alikuwa wa pili nyuma ya Jakaya Kikwete katika duru ya kwanza ya mkutano mkuu wa CCM, ndipo akashinda duru ya pili. Kilichombeba ni kuaminika kwake kuwa mtu safi, wakati ambapo nchi ilikuwa imechoshwa na rushwa, na wafadhili walikuwa wamezuia misaada kwa sababu ya misamaha holela ya kodi. Na aliyezunguka nchi kumshuhudia alikuwa Mwalimu mwenyewe.

Babu ameandika kwenye “Kipo”: “Mwalimu anamjua.” Kwenye “Hakipo”: “Mimi simjui.” Na chini yake: “Mwalimu hataishi milele.”

Miaka minne baadaye, tarehe 14 Oktoba 1999, Nyerere alifariki.

Nakiri kwamba niliposoma mstari huo mara ya kwanza nilifurahi kama aliyeokota dhahabu. Niliandika sura nzima kuonyesha kwamba mzee wa stoo aliona mbali kuliko wachambuzi. Ushahidi wangu ulikuwa kurasa za nyuma, kwa sababu babu hakufunga leja baada ya kura. Matokeo yalipotoka, Mkapa takriban asilimia 62, Mrema 28, Lipumba 6 na Cheyo 4, yeye aliendelea kuandika. Chini ya Mkapa: 1996, Tume ya Warioba imetoa ripoti ya rushwa, kipo. 2001, ada ya shule za msingi imefutwa, kipo. Januari 2001, watu wameuawa Unguja na Pemba katika maandamano, wengine wamekimbilia Shimoni, Kenya. Hapo hakuandika kipo wala hakipo. Aliandika tarehe na nafasi tupu. Mkapa mwenyewe, katika kumbukumbu zake za 2019, alieleza majuto kuhusu siku zile.

Mrema naye hakuachwa. 1996, ameshinda ubunge Temeke. Kisha ugomvi ndani ya NCCR. 1999, amehamia TLP. Ukisoma hivyo utasema babu alipima sawasawa: mtu aliyeshindwa kutulia na chama angetuliaje na nchi?

Nilimsomea mama sura hiyo jikoni akichambua mchele. Hakuinua macho. “Mwanangu,” alisema, “mtu umemnyima jembe, halafu unamcheka kwamba hajalima?”

Nikamwambia kwamba ugomvi wa chama ni ushahidi.

“Ni ushahidi wa mtu aliyeshindwa. Wa mtu aliyeshinda hujaupata, na hutaupata. Huyo mwingine mmempa Ikulu, polisi na hazina. Wangepewa vyote wawili ndipo ungelinganisha.”

Nilirudi chumbani nimekasirika, na kesho yake nikaifuta sura. Mama alikuwa amegusa kosa la wasomi wa historia: tunajua mwisho, kisha tunawahukumu waliokuwa mwanzoni kana kwamba nao waliujua. Kura ya 1995 inastahili kupimwa kwa yaliyojulikana Oktoba 1995. Wakati ule aliyemchagua Mrema kwa sababu alimwona akitenda hakuwa mjinga, na aliyemchagua Mkapa kwa sababu alimwamini aliyemshuhudia hakuwa mtumwa wa chama. Kila mmoja alikuwa na pengo katika leja yake, na alilazimika kuchagua pengo analoweza kuishi nalo.

Nikarudi kwenye zile siku 21, ambazo katika furaha yangu nilikuwa nimezipita haraka. Matokeo ya mikoani yalikuwa yakitangazwa. Vyama vya upinzani vilitaka uchaguzi wote ufutwe. Watu wengi jijini waliona hakuna haja ya kurudi foleni. Babu ameandika: “Mikoa imekwisha sema. Mama Asha anasema tukae nyumbani.” Mama Asha ni bibi. Mstari unaofuata umeandikwa kwa kukandamiza kalamu: “Mwenzako akishahesabu mzigo, na wewe hesabu.”

Ilikuwa kanuni ya stoo. Nadhani ndiyo pia jibu lake kwa ushahidi wa Mwalimu: kauli ya mtu mkubwa ni hati ya mzigo, na hati ni lazima uisome, ila haifungui sanduku kwa niaba yako.

Tarehe 19 Novemba kuna maneno mawili tu: “Nimepiga tena.” Hakusema amempigia nani. Mama alimuuliza mpaka alipofariki, na jibu lilikuwa lilelile, kwamba kura ni siri hata kwa waliozaa na waliozaliwa.

Sasa nami nina kaunta buku langu kwa ajili ya kura yangu ya kwanza. Nimepiga mstari katikati kama yeye. Nimeongeza safu moja nyembamba, “Nimejuaje?”, na nimeona aibu jinsi inavyojaa neno “nimesikia”. Nyuma nimeacha kurasa tupu, za atakayeshinda na za atakayeshindwa. Mama ameziona. Amesema za atakayeshindwa niziandike kwa penseli.