Mji Uliotangulia Shamba

Katika nchi nyingi shamba ndilo lililouzaa mji. Mkulima wa Uingereza alijifunza kulima vizuri zaidi, akavuna kupita haja ya nyumba yake. Hivyo watoto wake waliweza kwenda viwandani, nao wakapata chakula. Huku kwetu Katanga mambo yalipinduka. Mji ulitangulia, shamba likatafutwa baadaye.

Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli ilifika kutoka kusini hadi Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na mwaka uliofuata shaba ikaanza kuyeyushwa. Watu waliletwa kwa maelfu. Je, wangekula nini? Nchi ya shaba haina rutuba nyingi, wenyeji walikuwa wachache, na mahali pengi ndorobo huua ng'ombe. Basi unga wa mahindi ulipanda gari la moshi pamoja na makaa ya mawe, ukitoka Rodezia. Mfanyakazi alipewa posho yake, akala bukari isiyotoka kwa mjomba wake kijijini.

Kwa amri ya mwaka 1917 wanakijiji wa Kongo walilazimishwa kulima mazao yaliyotakiwa na serikali ya Kibelgiji, pamba hasa, na chakula pia. Asiyelima alitozwa faini au alifungwa. Bei hakuiweka mwenye jembe. Je, tushangae kwamba vijana walikimbilia mjini? Walitaka shamba lilishe mji, kumbe walilifanya kuwa adhabu! Nasi twaona aibu hiyo haijafutika: hata leo mzazi humtisha mtoto asiyesoma kwa kumwambia atarudi kulima.

Karibu na mwaka 1928 kampuni ilianza kupenda wafanyakazi wakae na wake zao. Watoto wakazaliwa kambini, wasijue majira ya kupanda.

Katika miaka ya 1980 Gécamines, mrithi wa kampuni ile, ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Kufika katikati ya miaka ile hazikupatikana hata tani 50,000. Mishahara ikachelewa, kisha ikakosekana. Ndipo akina mama wa kambini walipochukua jembe, wakalima mahindi kandokando ya mji na mboga mabondeni, wengine bila kufundishwa na mtu.

Lakini mwaka 2016 Zambia ilipozuia mahindi yake yasitoke, bei ya unga Lubumbashi ilipanda vikali. Ilikuwa miaka 106 tangu gari la moshi la kwanza.