Nyuma ya Picha ya James Dean

Toleo la jarida la Life la Machi 7, 1955 lilikuwa na kurasa chache kuhusu kijana ambaye Wamarekani wengi walikuwa bado hawajamsikia. James Dean alikuwa na umri wa miaka 24, na East of Eden, filamu yake ya kwanza kubwa, ilikuwa bado haijafika kwenye majumba ya sinema. Life ilitoa nakala zaidi ya milioni tano kila wiki, na zikishasomwa zilikwenda yanakokwenda magazeti yote. Picha moja ya kazi ileile haikwenda huko. Nakala zake zilizosafishwa katika chumba cha giza na kutiwa saini na mpiga picha, Dennis Stock, leo huuzwa minadani kwa maelfu ya dola.

Wengi wameiona bila kujua ni ya nani. Dean anakuja upande wetu katikati ya Times Square, New York, siku ya mvua. Amevaa koti zito jeusi, kola juu, mikono mfukoni, sigara mdomoni, mabega ameyapandisha mpaka shingo imepotea. Lami imelowa chapachapa. Nyuma yake majengo na mabango yamefifia ndani ya ukungu wa baridi. Hakuna umati unaomzonga, hakuna taa iliyowashwa kwa ajili yake.

Kizazi kimoja kabla ya hapo, picha kama hii isingepigwa, na kama ingepigwa ingechanwa. Katika miaka ya 1930 sura ya nyota wa Hollywood ilikuwa mali ya kampuni ya filamu. George Hurrell, aliyeajiriwa na kampuni ya MGM mwaka 1930, aliwapanga waigizaji chini ya taa kali na kuwapiga kwa kamera kubwa yenye negativu za inchi 8 kwa 10, kisha fundi akakaa na penseli kuondoa kila doa. Madoadoa ya uso wa Joan Crawford yalifutwa hivyo. Nakala zilimwagwa magazetini na kwa mashabiki bila malipo, maana kazi ya picha hizo ilikuwa kuuza tiketi. Negativu ilibaki kwenye makabati ya kampuni, na mpiga picha aliondoka na mshahara wake.

Waandishi wa habari za picha nao hawakuwa na hali bora. Aliyeajiriwa na jarida aliliachia jarida kila alichopiga. Ndipo mwaka 1947 Robert Capa, Henri Cartier-Bresson, David Seymour, George Rodger na wenzao walipoanzisha ushirika wa wapiga picha, Magnum, wakishikilia sharti moja: jarida linanunua ruhusa ya kuchapisha, lakini negativu na haki zake zinabaki kwa aliyepiga. Sharti hilo halina mvuto wa hadithi za mapenzi na ajali zinazosimuliwa kuhusu Dean, lakini kwa maoni yangu ndilo lililoizaa nakala inayotundikwa ukutani leo. Mauti ya nyota yaliipandisha bei tu. Wako nyota wengi waliokufa vijana ambao picha zao nzuri zimelala kwenye ghala la kampuni fulani, bila jina la mpiga picha.

Stock alizaliwa Bronx mwaka 1928. Alijifunza kazi chini ya Gjon Mili, mpiga picha wa Life, na mwaka 1951 alishinda shindano la jarida hilo la wapiga picha vijana, kisha akaingia Magnum. Alikutana na Dean mapema mwaka 1955, huko Los Angeles, kwenye mkusanyiko wa mwongozaji Nicholas Ray. Dean alimwalika kutazama East of Eden ikionyeshwa kwa majaribio Santa Monica. Stock alitoka ukumbini akiwa ameamua: atamfuata kijana huyu hadi alikotoka. Hakutaka picha ya nyota aliyekaa kitini. Alitaka simulizi ya mahali palipomlea mtu.

Mwezi Februari walikwenda Fairmount, Indiana, kwenye shamba la Marcus na Ortense Winslow, shangazi na mumewe waliomlea Dean tangu alipofiwa na mama yake akiwa na miaka tisa. Hapo ndipo kazi ya Stock inapokolea. Dean amesimama kando ya nguruwe jike mnene, wote wawili wakitazama kamera kwa heshima zao. Dean anapiga ngoma za bongo katikati ya ng'ombe. Dean yuko makaburini, mbele ya jiwe lenye jina la babu yake wa kale, Cal Dean. Cal ndilo jina la mhusika aliyemwigiza katika filamu ile. Kisha kuna picha ambamo amejilaza ndani ya jeneza katika duka la mjini lililouza samani na majeneza. Watu wamependa kuiita utabiri. Mimi naona mzaha wa kijana wa shamba aliyerudi nyumbani na rafiki wa mjini, akitaka kuona rafiki huyo atashtuka kiasi gani.

New York ndiyo iliyokuwa nusu ya pili ya simulizi, mji alikojifunza uigizaji na alikopanga chumba kidogo cha Mtaa wa 68 Magharibi. Times Square lilikuwa eneo la majumba ya sinema na maigizo. Mojawapo, Astor, ndilo lililoizindua East of Eden Machi 9, siku mbili baada ya tarehe ya toleo la Life. Kwa hiyo mtu tunayemwona kwenye mvua anapita jirani na ukumbi ambao wiki chache baadaye ungejaa watu waliokuja kumtazama. Kwa wapita njia wa siku ile alikuwa mtu aliyelowa tu.

Septemba 30 mwaka uleule Dean alikufa kwa ajali ya gari karibu na Cholame, California. Filamu yake Rebel Without a Cause ilitoka mwezi uliofuata, na nyingine, Giant, mwaka 1956. Kuanzia hapo picha ya Times Square iling'olewa kwenye mfululizo wake. Nguruwe alibaki nyuma, makaburi na ng'ombe pia, akabaki Dean mpweke kwenye mvua. Hilo lilikuwa hasara. Mpiga picha alisimulia safari ya kurudi nyumbani. Soko likaiuzia dunia huzuni. Stock mwenyewe aliendelea na mengine: wanamuziki wa jazi katika kitabu Jazz Street cha 1960, vijana wa California katika California Trip cha 1970. Hata hivyo mwaka 1978 alichapisha James Dean Revisited, wakati ambapo nyumba za sanaa zilikuwa zimeanza kuuza picha kama zinavyouza michoro.

Soko hilo lilileta maswali ambayo chumba cha habari hakikuwahi kuyajali. Nakala ilisafishwa lini? Na nani? Nakala ya 1955 iliyotengenezwa ili ipelekwe kwa wahariri ni kitu kimoja. Iliyosafishwa miaka mingi baadaye, ikatiwa saini ya wino pembezoni, ni kitu kingine. Iliyotolewa baada ya Stock kufariki mwaka 2010 ni cha tatu. Zote zinatoka kwenye negativu halisi, lakini bei haziko sawa. Kuna kipimo kinachotumika sana: karatasi huwekwa chini ya taa ya urujuanimno, na kama inawaka buluu ina kemikali za kung'arisha ambazo viwanda vilianza kuzitumia katikati ya miaka ya 1950. Kipimo hicho kilisaidia kufichua nakala za mpiga picha Lewis Hine zilizodaiwa kuwa za zamani kuliko zilivyokuwa. Kwa picha ya Stock hakitoshi, kwa sababu ilipigwa wakati uleule karatasi hizo zilipokuwa zinaingia sokoni.

Ndiyo maana mnunuzi makini huigeuza picha kabla ya kuitazama. Mgongoni hutafuta muhuri wa Magnum, maelezo yaliyopigwa kwa taipureta na kugundishwa, tarehe za kupokelewa, alama za penseli za mhariri aliyeikata kona. Kama ningekuwa na fedha, ningeiacha ile safi yenye saini nikachukua iliyokunjika na kuchakaa, iliyopita mikononi mwa wahariri wakati Dean alikuwa hai na bado anatafuta kujulikana.