Matangi ya mafuta na ulinzi wa maji, Karagwe na Kyerwa

Vituo vya mafuta vya wilaya ya Karagwe, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, na vya Kyerwa iliyomegwa kutoka humo mwaka 2012, huhifadhi petroli na dizeli hasa katika matangi ya chuma yaliyofukiwa ardhini. Hatari kubwa ni mvujo wa polepole. Chuma huliwa na kutu, maungio ya mabomba hulegea, na mafuta hupenya udongoni bila kuonekana. Petroli ni nyepesi kuliko maji, hivyo huelea juu ya maji ya ardhini na kusafiri nayo. Benzini iliyomo huyeyuka kiasi majini na husababisha saratani ya damu. Katika eneo hili la vilima, ambako wengi huchota maji kwenye chemchemi za mabondeni, kituo kilichojengwa mteremkoni juu ya chemchemi kimewekwa pabaya tangu mwanzo.

Kinga ya bei nafuu kuliko zote ni hesabu ya kila siku: kupima kina cha tangi kwa kijiti, kulinganisha na mauzo, na kutopuuza upungufu unaojirudia. Matangi yenye kuta mbili na visima vya uchunguzi husaidia zaidi.

Tangi la juu ya ardhi hukaguliwa kwa macho, lakini huhitaji sakafu isiyopenyeza na ukuta wa kuzingira wenye uwezo wa kushika asilimia 110 ya ujazo wake.

EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutoa leseni za vituo; NEMC, baraza la taifa la mazingira, husimamia tathmini ya mazingira chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 2004. Mafuta yanayouzwa rejareja kwa madumu vijijini, nje ya vituo, ni magumu zaidi kukaguliwa.